Kaimu na Benki ya Kisiwani

Wengine huingia benki kuweka fedha. Kaimu aliingia kufuata kiyoyozi. Jina hilo alilipata kwa sababu kila alipojitambulisha alikuwa Kaimu Mkurugenzi wa kitu fulani, na mkurugenzi mwenyewe siku zote alikuwa safarini.

Siku hiyo, akijifanya kusubiri zamu, aliona tangazo ukutani: benki ikifilisika, bima ya amana itamlipa kila mteja hadi kiwango maalumu, kinachozidi hapo, shauri yake. Lilikuwa limebandikwa hapo miaka mingi na hakuna aliyelisoma hadi mwisho. Kaimu alilisoma mara mbili.

Mbele yake alisimama Mama Vyumba, mwenye nyumba za kupangisha, mtu wa kuzima taa ya uani ili balbu isichoke.

"Shikamoo, mama. Humu una zaidi ya kile kiwango?"

"Marahaba. Kiwango gani, mwanangu?"

Akamwonyesha. Mama alisoma huku midomo ikicheza, kisha akashika kifua. "Sasa zile za juu yake?"

"Mimi si mtu wa maneno mengi," alisema Kaimu, kisha akasema maneno mengi sana. Kulikuwa na benki kisiwani, ng'ambo ya bahari, isiyojua kodi wala kiwango, na tawi lake alilikaimu yeye. Hii ya hapa, iwe siri yao wawili, ilikuwa inayumba.

"Na huko kisiwani bima anaweka nani?"

"Benki haifi huko, mama. Bima ya nini?"

"Na faida?"

"Mara mbili ya hapa."

Mama Vyumba, ambaye hakumwamini hata fundi wa vitasa, aliamini papo hapo.

Siri ilifika sokoni kabla ya Mama mwenyewe. Mwenye gereji, mwenye duka la dawa, hata mstaafu wa idara ya maji, wote walipeleka kilichozidi kiwango kwa Kaimu, katika chumba kilichokuwa juu ya kinyozi, chenye picha ya kisiwa iliyokatwa kwenye kalenda.

Mzigo wote huo angeuweka wapi? Mji ulijaa wezi, na Kaimu aliwachukia wezi kwa dhati. Akaupeleka benki ile ile. Aliyesema inayumba si alikuwa yeye mwenyewe? Ofisa alipomhoji fedha zimetoka wapi, hakubabaika. "Si zangu. Ni amana za wateja, nawashikia tu. Majina yao haya hapa." Akafunguliwa akaunti ya kuwashikia wateja amana, majina yao yakaandikwa kwa heshima zote, na chai akaletewa.

Angetoa kila kitu na kutoweka siku ile ile, ila mstaafu alikuwa na kiinua mgongo kidogo kimebaki. Kaimu akasubiri. Wakati anasubiri, lile neno "inayumba" lilizunguka mji likarudi limenenepa. Foleni ikafika barabarani. Benki iliyoamka na afya njema ikaishiwa fedha, ikafungwa. Kaimu alilia machozi ya kweli, na roho ikamuuma zaidi kwa kuwa hakuwa na wa kumlaumu.

Watu wa bima walipoweka meza ukumbini, alifika na shati lililopigwa pasi.

"Akaunti ni yako?" aliuliza dada wa bima. "Kama ni yako, unalipwa kiwango kimoja tu."

Kimoja si haba, aliwaza Kaimu. Akafungua mdomo.

"Huyu hapa!" Mama Vyumba alikuwa nyuma yake, na nyuma ya Mama, mwenye gereji na spana mkononi. "Mwanangu, fedha zetu zilivuka salama?"

Kaimu aliitazama spana. "Si zangu, dada," alisema kwa sauti ndogo. "Ni za wateja. Nawashikia tu."

"Vizuri. Majina ninayo." Dada alibonyeza-bonyeza kompyuta. "Amana ya kushikiwa huhesabiwa mbali na akaunti ya mtu mwenyewe. Kwenye amana hii hawa wote hawajavuka kiwango, watalipwa zote. Wewe huna kitu humu."

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Waliomcheka Kaimu na kuziacha fedha zao zote mahali pamoja ndio waliopoteza za juu. Mama Vyumba alimkumbatia, machozi yakimtoka.

"Uaminifu huu bado upo duniani! Mwanangu, nikilipwa tu nakuletea zote, hata zile za chini ya kiwango. Safari hii zipeleke kisiwani kweli."

Maisha yake yote Kaimu alikuwa akisubiri kuambiwa hivyo. Mwenye gereji akasogea karibu, asikie vizuri.

"Mama," alisema Kaimu, "mkurugenzi amerudi kutoka safarini. Ukaimu wangu umekwisha."