Niliyomnong'oneza Nguruwe

Jumanne, 18 Februari

Nimeumbuka mbele ya soko zima. Tena kwa mizani!

Mwezi ujao Klabu ya Mlima ya wachuuzi wa soko letu inaenda kutembea kipande cha mlima Sobaek. Bibi yangu, mwenye duka la mafuta ya ufuta, ameutembea Mgongo Mkuu wa nchi hii, ile safu ndefu ya milima, kwa miguu yake mwenyewe, kipande kwa kipande, kila mwisho wa wiki ambao magoti yalimruhusu. Kimebaki hicho kimoja. Mwaka jana theluji ilifunga njia, akarudi nacho moyoni. Sasa magoti yote mawili yanapasuliwa na kuwekwa ya bandia tarehe kumi na mbili Machi, na daktari amemwambia bila kumung'unya maneno kwamba baada ya hapo milima ataitazama kwenye televisheni. Kwa hiyo ni safari hii au basi tena.

Mimi naenda kama msaidizi wake. Nimejiandaa hasa. Mwisho wa baridi una hila: chini maua, juu barafu. Akiba yangu yote imekwisha kwa suruali za sufu, glavu za ndani, glavu za nje, glavu za juu ya glavu, meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu (jozi mbili!), na katoni nzima ya vile vifuko vinavyotoa joto ukivitikisa.

Leo Kapteni Tak wa klabu, yule mama muuza mablanketi, alikagua mabegi. Langu akalipandisha kwenye mizani ya Bibi ya kupimia ufuta. Sindano ikaenda mpaka mwisho, ikagoma. Akauliza kama humo ndani nimembeba mtu. Kisha akanifinya fulana. Pamba! Akasema pamba ni ya kulalia, mlimani ikilowa jasho inageuka barafu mgongoni, niiache nyumbani. Nikaitikia. (Siiachi. Ndiyo fulana pekee ninayopendeza nayo.)

Do-gyeom naye alikuwepo, angekosaje. Mjukuu wa mama muuza keki za samaki. Rika langu, aibu hana hata ya dawa. Akauliza kwa sauti ya mnadani kama nahama, na friji nimeitia mfuko gani. Watu wakaangua kicheko. Nilikuwa na jibu kali ajabu. Lilinijia baada ya chakula cha jioni.

Shuleni kwetu tunasoma Kichina asubuhi na Kikorea mchana, kwa sababu baba ni Mchina wa hapahapa Korea. Faida yake ni kwamba naweza kunyamaza kwa lugha mbili.

Ijumaa, 21 Februari

Balaa. Kumeanza joto!

Utabiri unasema jua, jua, jua mpaka Machi. Do-gyeom amepita dukani na mikono mifupi. Akaniuliza friji inaendeleaje.

Nimefikiria picha yake. Wanaklabu wote kileleni wamefungua vifungo, wanajipepea, na mimi katikati yao na glavu tabaka tatu. Siwezi. Watu wakinitazama wawili kwa pamoja huwa nasahau jina langu, sembuse basi zima.

Hata hivyo mazoezi hayajasimama. Jioni nilikaa roshani na nguo nyepesi, katikati ya madumu ya kimchi, ile kabichi ya kuchachua, nizoeze damu baridi. Bibi akanifuma. Akadhani naiba kimchi. Akasema nikitaka niombe tu, wizi hadharani unaiaibisha familia, akanitilia bakuli na kunirudisha ndani. Nimekula. Ilikuwa tamu. Damu haijazoea chochote.

Jumapili, 23 Februari

Leo ilikuwa sadaka ya kufungulia mwaka wa mlima. Nimefanya jambo.

Tulipanda kilima cha nyuma ya soko. Keki za mchele, matunda, pombe ya mchele, na kichwa cha nguruwe kilichochemshwa, kimekaa katikati ya meza kinatabasamu. Kapteni Tak humchagua mwenyewe buchani. Nguruwe asiyetabasamu hamchukui, anasema atatununia mwaka mzima. Mmoja mmoja tukasogea, tukamtia noti mdomoni, tukasujudu, tukaomba. Wote waliomba hali ya hewa nzuri. Bibi aliomba kwa sauti kabisa: Mlima, nipe siku mbili tu, sikusumbui tena.

Ikafika zamu yangu. Mdomo ulishajaa noti za won, nikaichomeka yangu puani. Nikainama mpaka kwenye sikio lake la kushoto. Na hapo, kwa Kichina ili jirani asielewe, nikaomba theluji.

Kidogo tu! Nilisema kidogo. Theluji ya adabu, ya kufika kwenye kifundo cha mguu, ya kumfanya kila mtu aseme juu yangu: kumbe Ran alijua. Isimguse Bibi. Imguse Do-gyeom.

Baada ya sadaka, Kapteni akakata kichwa vipande tukala na kamba wadogo wa baharini waliotiwa chumvi. Do-gyeom aligombania masikio yote mawili, akayapata. Anasema anapenda yanavyolia mdomoni.

Jumanne, 25 Februari

Jua. Juisi ya barafu imeanza kuuzwa sokoni. Nguruwe tapeli.

Jumatano, 5 Machi

Mungu wangu.

Asubuhi mtangazaji wa hali ya hewa alikuwa na uso wa msibani. Baridi inayoyaonea maua wivu imeamka, akasema, tena mwaka huu ina wivu wa kutisha. Upepo kutoka kaskazini. Theluji nzito milimani Ijumaa na Jumamosi. Njia huenda zikafungwa.

Sikusema nzito!

Nikafikiri haraka. Ombi lipo kwenye sikio. Sikio limo tumboni mwa Do-gyeom. Siku kumi zimepita, lakini kitu kama sikio la nguruwe, kwa ugumu ule, sidhani kama linaondoka lote. Nikaenda kwenye kibanda cha keki za samaki. Yeye alikuwa anachochea mchuzi. Nikasogea ubavuni, nikajikunyata kama nafunga kamba ya kiatu, nikalinong'oneza tumbo lake kwa Kichina kwamba nafuta ombi, samahani kwa usumbufu.

Akaruka nyuma. Akaniuliza nafanya nini pale chini. Nikasema nataka vijiti viwili vya keki ya samaki. Akauliza naagiza kwake au kwa kitovu chake.

Nimekula vijiti viwili huku naungua uso.

Lakini baya zaidi limetokea nyumbani. Bibi alikuwa sakafuni anajichua magoti, televisheni imezimwa. Bibi hazimi televisheni! Akasema, hasemi nami, anasema na magoti, eti nani huyu aliyetuchukia hivi, nani wa kuomba theluji mwezi wa tatu. Nilitaka kusema mimi. Nilifungua mdomo kabisa. Ikatoka: Do-gyeom.

Nikapamba. Nikasema nilimsikia kwa masikio yangu siku ya sadaka, anataka kuteleza tu, mtoto asiyefikiria wenzake. Bibi akaacha kujichua. Akasema haya, kumbe.

Namalizia haya asubuhi ya Alhamisi: sijalala vizuri na sasa ni saa za shule.

Ijumaa, 7 Machi

Kikao cha dharura kwenye duka la mablanketi. Nusu ya klabu imejitoa. Kapteni Tak akasema yeye anawapandisha watakaotaka mpaka kwenye banda la wapandaji kesho, na kama askari wa mlima atafunga njia asubuhi ya Jumapili, tunateremka bila ubishi, hata Bibi. Akamtazama Bibi. Bibi akatazama mablanketi.

Do-gyeom anakuja. Bibi alikuwa anamkodolea macho kikao kizima. Mimi nilikaa nyuma ya godoro.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika bandani. Vidole vimekufa ganzi. Maelezo yafuatayo ni ya aibu.

Nilivaa kila kitu. Kila kitu! Na ndani basini, ili niwe tayari, nilitikisa vifuko vya joto vyote kwa mpigo, nikavipanga mwilini. Basi lilikuwa na hita. Mpaka tunateremka kipitoni, pale barabara inapovuka milima, nimelowa kama mtu aliyeokolewa mtoni, na mpaka tunafika theluji ya kweli vifuko vimekwisha, vimekuwa vigumu kama biskuti kuukuu. Havirudiwi. Imeandikwa kwenye pakiti. Kwa maandishi madogo mno.

Upepo ulipotupiga, ile fulana ya pamba ikageuka bati. Nilianza kutetemeka meno yanagonga. Kapteni akanishika shingo, akapitisha mkono mgongoni, akasema neno ambalo mama wa mablanketi hapaswi kulijua. Nikasimamishwa nyuma ya mwamba, akinamama wakanizunguka na koti, nikavuliwa, nikavalishwa fulana ya sufu ya Kapteni mwenyewe, ina harufu ya dawa ya nondo. Fulana yangu imefungwa nje ya begi. Imesimama yenyewe.

Haikuishia hapo. Do-gyeom alikuja na viatu vipya na hana meno ya chuma. Alikuwa anateleza kama ndama. Hapa nikafurahi kidogo. Bibi akageuka akaniambia, we Ran, si una jozi mbili, mpe mwenzio. Nikasema sijui zipo wapi. Bibi akafungua begi langu akazitoa mfuko wa kwanza.

Kwa hiyo kitu pekee nilichokiandaa sawasawa kipo miguuni mwa adui. Amenishukuru. Na hilo nalo limeniudhi.

Nje upepo unalia. Askari wa mlima amesema uamuzi ni alfajiri. Bibi amelala na viatu. Amekataa kuvivua. Nimelala ubavuni mwake na nimemwomba kila nimjuaye, kwa Kikorea safari hii, wazi, na kwa heshima zote.

Jumapili, 9 Machi

Njia imefunguliwa!

Askari alitoka, akatazama juu, akasema upepo umekata usiku, twende polepole, tusiachane. Bibi alikuwa wa kwanza mlangoni.

Sijui niandikeje. Theluji ilikuwa imegandia kila tawi, kila jani kavu, kila mche wa nyasi, mweupe kwa upande mmoja kama umepakwa na mtu. Jua likapanda. Mlima wote ukawaka. Akinamama wa soko, ambao hawajawahi kunyamaza kwa pamoja tangu soko lijengwe, walinyamaza. Bibi alitembea katikati na fimbo zake mbili, hatua, pumzi, hatua, pumzi, nami nyuma yake nikitazama magoti yale tu. Kwenye mteremko aliteleza mara moja. Nikamdaka kiunoni. Akasema achia, bado sijazeeka. Sikuachia.

Mchana umepita sana tukafika kwenye kibao cha kipito cha Gochi. Mgongo Mkuu, umekwisha. Bibi akakigusa kile kibao kama anavyogusa sufuria kujua kama imepoa. Hakulia. Akaomba wali wa kusokotwa kwa mwani, akala roli nzima akiwa amesimama. Ndipo akasema, mdomo umejaa, kwamba amepita milima yote hii na hajawahi kuona siku kama ya leo. Kama mwaka jana wangemruhusu kupita angepita kwenye ukungu na matope, asingeiona.

Halafu akamwita Do-gyeom.

Nikajificha nyuma ya Kapteni. Bibi akamshika mashavu mawili, mbele ya wote, akamuuliza: ni wewe uliyemwomba nguruwe theluji hii?

Na Do-gyeom, ambaye hajawahi kukataa sifa hata ya mtu mwingine, alifikiria kwa muda wa kupepesa macho akasema ndiyo, Bibi, ni mimi.

Bibi akampa fimbo zake! Zile fimbo! Akasema yeye hazihitaji tena, na mtoto anayejua kuomba namna hii anafaa kuzibeba. Wakapiga makofi. Nikapaza sauti, mimi, nikasema si yeye, ni mimi niliyeomba, kwa Kichina, sikio la kushoto. Wakatazamana. Kisha kicheko kikubwa. Kapteni Tak akanipigapiga bega akasema wivu ni kitu kibaya, mwanangu, na nimrudishie fulana yake ikiwa imefuliwa.

Kwenye basi Do-gyeom alikaa karibu yangu. Akaniuliza kwa sauti ya chini sana theluji inaombwaje hasa, asije akaulizwa.

Alhamisi, 13 Machi

Upasuaji ulikuwa jana. Umekwenda vizuri. Daktari amesema magoti ya zamani yalikuwa yamesagika kiasi kwamba hajui mtu huyo alipandaje hata ngazi. Bibi akamwambia ngazi hajaribu, yeye hupanda milima tu.

Leo nimempikia supu ya mwani. Mara yangu ya kwanza, peke yangu, bila kumuuliza mtu. Nikaionja kwenye ngazi za hospitali. Bahari! Bahari yenyewe, na meli zake! Nikarudi nyuma hatua moja, lakini muuguzi alishaniona akafungua mlango.

Bibi akanusa, akauliza kapika nani. Wagonjwa wote wanne wa chumba wakanigeukia. Nikasema ameituma bibi yake Do-gyeom.

Bibi akanywa kijiko. Akanywa cha pili. Akafumba macho. Akasema siku mbili wanamlisha uji usio na chumvi kama ndege, na hatimaye katokea mtu mwenye kuelewa mgonjwa anataka nini. Akainua bakuli akalimaliza. Akaniagiza niende kesho kwenye kibanda chao, nishukuru, niinamishe kichwa vizuri, na nimwambie yule mama ikiwezekana alete kila siku mpaka atakaporuhusiwa. Wagonjwa wengine wameomba pia.

Nimekaa kwenye benchi la korido na bakuli tupu, nafikiri. Hali si mbaya. Mpango upo. Kesho naongeza chumvi mara mbili. Ataichukia, atamlaumu bibi yake Do-gyeom, na hapo, polepole, kwa upole kabisa, ndipo nitakapomwambia kwamba ya leo niliipika mimi.