Taa za Baba Zinamulika Paa za Watu

Jumatatu, 6 Mei

Taa mpya zimefika. Binamu amezifunga mchana kwenye pikapu ya Baba huku akipiga mluzi, kana kwamba anapika chai. Ni mimi niliyemshawishi Baba azinunue. Za zamani zilikuwa zimepauka, njano kama meno ya mvuta tumbaku, na Jumamosi kuna ukaguzi wa magari. Meneja wa kiwanda cha maziwa ameshamwambia Baba waziwazi: bila stika ya ukaguzi hakuna kubeba maziwa, kazi atapewa Kidevu. Kidevu ni dereva wa pikapu nyekundu ambaye siku hizi anatusalimia kwa uchangamfu wa kutisha.

Kwa heshima ya taa mpya nimefuta vumbi gari zima. Karibu na usukani nimekuta kigurudumu kidogo chenye namba, sifuri hadi nne, na kipicha kama kitana. Kilikuwa kwenye tatu. Hakuna aliyeweza kunieleza kwa nini tatu. (Sikumuuliza mtu.) Nimekirudisha sifuri. Kama gari linaanza upya, lianze upya kwa kila kitu.

Jumanne, 7 Mei

Baba amerudi kutoka safari ya alfajiri. Alipomaliza chai akasema leo ameona vizuri sana paa la benki, kiota cha kunguru juu ya nguzo ya umeme, na mtu wa ghorofa ya pili akipiga mswaki. Shimo la barabarani hakuliona. Kila dereva aliyekutana naye alimwashia taa. Wa lori alisimama kabisa, akashusha kioo, akamuuliza, mzee, unapeleka maziwa au unawinda popo?

Binamu kasema eti taa mpya huwa na kiburi, zitatulia zenyewe. Alipoona uso wa Baba akabadilisha, eti atazishusha kwa jicho. Binamu ana miezi minane tu ya kujifunza kazi gereji na hupima kila kitu kwa jicho, hata sukari. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba kuna kitabu. Mama akaniambia nirudie. Nikarudia kwa sauti ndogo zaidi.

Kitabu kipo kweli. Maktaba ya shule, rafu ya chini, hakijaazimwa miaka kumi na moja. Ukurasa wa 212: simamisha gari mahali tambarare, mita saba na nusu kutoka ukutani. Tia alama ukutani kwa urefu wa taa. Mwanga uangukie sentimita nane chini ya alama. Nyuma ya kila taa kuna skrubu ya kupandisha na kushusha. Nimenakili ukurasa mzima pamoja na alama ya kikombe cha chai aliyoiacha msomaji wa mwisho.

Baba kakubali. Amesema mwanangu, fanya unaloweza, maana leo Kidevu amenisalimia mara tatu.

Jumatano, 8 Mei

Ukuta ulionyooka mtaani ni mmoja tu, wa Bibi Nesi, jirani yetu mstaafu. Ameupaka rangi nyeupe mwezi uliopita. Ruhusa ilihitajika. Nilisimama mbele ya geti lake dakika kumi, mkono juu, bila kubisha. Mwishowe nikaandika barua yenye vifungu vitatu na mchoro, nikaipenyeza chini ya geti. Hadi saa kumi na mbili jioni hakuwa amejibu. Nimehesabu kimya chake kama ridhaa.

Kitabu kinataka uzito wa dereva uwe kwenye kiti. Baba alikuwa ameiegesha pikapu mbele ya ukuta, akaenda kulala, na mtu anayeamka saa tisa usiku haamshwi kwa ajili ya fizikia. Ana kilo themanini na nne. Nikapanga kwenye kiti kamusi zote, atlasi, vitabu vyangu vya miaka minne, na mtungi wa gesi kujalizia. Nikavifunga mkanda. Binamu alipopita akainama dirishani akasema shikamoo mjomba, leo umenyamaza sana.

Nikabandika utepe mweusi ukutani. Giza lilipoanza kuingia nikawasha taa. Hapo nikagundua kwamba kitabu hakisemi lolote kuhusu madirisha. Bibi Nesi alitoka na taulo na mwiko, akauliza ni polisi au ni kiama. Barua yangu hakuisoma, miwani yake imevunjika tangu mwezi wa pili. Akaniuliza mjukuu wangu, wewe kubisha hodi hukufundishwa? Nikamwambia ningependa kumjibu kwa maandishi. Akaenda kuvaa, akarudi na kiti, akakaa kutazama mpaka mwisho. Alikuwa ananipa maelekezo pia. Yeye naye kwa jicho.

Mafanikio kamili. Sentimita nane, kushoto na kulia. Kila mzungusho wa skrubu nimeuandika kwenye daftari. Utepe ulipobanduka ulitoka na rangi, kwa hiyo ukuta wa Bibi Nesi sasa una misalaba miwili. Kwake sikusema kitu. Giza lilikuwa limenisaidia.

Alhamisi, 9 Mei

Paa la benki. Kiota. Mtu wa mswaki, ambaye sasa ameweka pazia.

Sikuamini. Nikakimbilia maktaba wakati wa mapumziko, nikafungua ukurasa wa 212, kisha, kwa mara ya kwanza, nikaufunua. Ukurasa wa 213 unasema mzigo mzito ukikaa nyuma, gari huinua pua na taa hupanda nalo. Baba hubeba madumu kumi na nane ya maziwa, lita hamsini kila moja. Kilo mia tisa. Mimi nilipima gari lililobeba kamusi.

Binamu amecheka mpaka akakaa chini. Kaniita Mwalimu mbele ya wenzake wa gereji. Nilitafuta jibu la kumkomesha na nimelipata sasa hivi, saa nne baadaye. Nimeliandika nyuma ya daftari kwa matumizi ya baadaye.

Mpango wa pili. Maji yana uzito karibu sawa na maziwa. Mama alikuwa kwa dada yake. Tangi letu linachukua lita elfu moja. Nikapanga madumu ya Baba nyuma ya pikapu, nikavuta mpira wa maji, nikayajaza yote kumi na nane. Baba, aliyekuwa amekwisha amka, akaisogeza pikapu mbele ya ukuta na kukaa kwenye kiti mwenyewe. Utepe haukuhitajika. Alama tayari zipo, za kudumu.

Nimeshusha kila taa mizunguko miwili na nusu. Sentimita nane tena, safari hii kwa mzigo halisi. Hii ndiyo tofauti kati ya mtu anayesoma na mtu anayepiga mluzi.

Tatizo dogo: Baba alihitaji madumu matupu kwa maziwa. Bibi Nesi akaleta mapipa yake, ndoo, masufuria, hata beseni la mtoto, akayachukua maji yote huku akinibariki. Mama aliporudi akafungua bomba, likakohoa. Ilibidi aende na ndoo kuomba maji yetu kwa jirani. Bibi Nesi kampa ndoo mbili, akamwambia siku nyingine aandike barua. Halafu akamwonyesha ukuta.

Ijumaa, 10 Mei

Ushindi! Hakuna aliyemwashia Baba taa njia nzima. Shimo kaliona, kalikwepa. Pazia la ghorofa ya pili limefunguliwa. Baba kanishika bega mbele ya Binamu na kusema kichwa hiki si cha mchezo. Binamu akaangalia pembeni.

Mama hanisemeshi, ila chai kanipa. Bila sukari, lakini ni chai.

Kesho ukaguzi. Nitakwenda. Pengine mkaguzi atataka kuliona daftari.

Jumamosi, 11 Mei

Mkaguzi hakutaka kuliona daftari.

Tulifika saa mbili. Baba mbele, mimi na Binamu tumebanana pembeni yake, nyuma hakuna kitu, kwa sababu gari hukaguliwa likiwa tupu. Kila mtu kwenye foleni alilijua hilo. Kidevu alikuwepo pia, ingawa pikapu yake ilikaguliwa mwezi wa tatu. Alikuja, anasema, kutusindikiza kwa moyo.

Breki sawa. Matairi sawa. Mkaguzi akasogeza kipimo chake mbele ya taa, akainama, akainama zaidi, akapiga goti. Akamuuliza Baba, mzee, kuna sindano umeangusha? Mwanga ulikuwa unaishia hatua chache tu mbele ya bampa. Akaandika FELI kwenye fomu, akasema turudi kabla ya saa sita, au mwezi ujao. Baba alikunja fomu mara nne, polepole, akaitia mfukoni. Kwa mwezi ujao maziwa yangekuwa ya Kidevu, na Kidevu alikuwa ameshaanza kutupa pole.

Mpango wa tatu ulinijia hapohapo. Kilo mia tisa ni watu kumi na wawili. Siwezi kuzungumza na watu kumi na wawili, hata watatu ni wengi, kwa hiyo niliandika kwenye karatasi: "Naomba watu kumi na wawili wenye kilo sabini na tano wapande nyuma ya pikapu ile kwa dakika tano. Kwa ajili ya sayansi." Nikaipitisha kwenye foleni huku nikitazama viatu vyangu. Wakapanda kumi na sita. Madereva kwenye foleni hawana la kufanya. Mmoja alipanda na mbuzi.

Mkaguzi aliporudi akaona pikapu imejaa kama gari la harusi. Akauliza hawa wanakwenda wapi. Mwenye mbuzi akajibu kwamba ni sayansi. Mkaguzi akawashusha mmoja mmoja, na mbuzi. Kisha akaingiza mkono dirishani, akakigusa kile kigurudumu cha kitana.

Kumbe si kitana. Ni taa na mistari ya mwanga wake. Gari tupu, sifuri. Gari lenye mzigo, tatu au nne, taa zinajishusha zenyewe. Akauliza ni nani aliyekiweka sifuri wakati gari linabeba maziwa kila siku. Baba akasema yeye miaka yote alikiacha kwenye tatu, ndivyo alivyolinunua gari. Baba akanitazama. Binamu akanitazama. Mbuzi pia.

Binamu akafungua boneti, akaniomba daftari, akarudisha kila skrubu mizunguko miwili na nusu. Dakika nne. Kipimo kikakubali. Stika ikabandikwa saa tano na nusu, na Kidevu akaondoka bila kuaga.

Jumapili, 12 Mei

Nimetafakari wiki nzima kwa utulivu. Ni wazi kwamba bila daftari langu Binamu asingejua arudishe mizunguko mingapi. Yeye anasema angeona kwa jicho. Lile jibu la nyuma ya daftari nimelikumbuka alipokuwa ameshaondoka.

Bibi Nesi anataka ukuta upakwe rangi, na nimemwandikia barua ya kuomba radhi, kurasa mbili. Nimeipenyeza chini ya geti. Miwani bado.

Baba kasema nisiguse tena kitu chochote kwenye gari lake. Nitamtii. Gari limekamilika hata hivyo. Meneja kafurahi kuiona stika, kampa Baba lita ishirini za maziwa, na Mama, ambaye sasa ananisemesha, kayajaza yote kwenye friji kwa ajili ya wageni wake wa Jumanne.

Nilipokuwa namsaidia kuyapanga nimeona ndani ya friji kigurudumu kidogo, sifuri hadi saba. Kimekaa kwenye tano. Hakuna maelezo kwa nini tano.

Nimekirudisha sifuri.