Mjukuu wa Tawi Kubwa

Profesa aliliona duka la vifaa vya ujenzi kabla hajamaliza chai yake ng'ambo ya barabara. Jina la ukoo wa mwenye duka lilikuwa limeandikwa juu ya mlango, kwenye madirisha yote mawili, ubavuni mwa lori na mgongoni mwa mlinzi. Mtu anayelipenda jina lake kiasi hicho, aliwaza Profesa, anastahili kusaidiwa.

Uprofesa wenyewe hakupewa na chuo chochote. Ulitokana na miwani.

Siku ya tatu aliingia dukani na kitabu kinene kwapani, pamoja na kitambulisho cha kughushi, wino bado mbichi, chenye jina lile lile.

"Ndugu yangu," alisema kwa sauti ya msibani, "nimekutafuta miaka kumi na moja."

Kitabu kiliitwa *Wakuu wa Ukoo Wetu*. Ndani mlikuwa na jenerali, daraja, mpiga filimbi wa mfalme fulani, ziwa na meli, vyote vikiwa na jina hilo moja. Profesa alivikusanya mtandaoni mchana mmoja, kama mtu anayeokota kuni.

"Hata meli hii ni yetu?" aliuliza mwenye duka.

"Yetu kabisa."

"Mbona wanasema ilizama?"

"Ilizama kwa heshima, kaka. Nyingine huzama hivi hivi tu."

Mwenye duka aliitikia kwa kichwa. Alikuwa na malori manne na hakuwa na babu hata mmoja wa kujivunia. Alitaka ukurasa wake, wenye picha, ukae kati ya jenerali na daraja. Profesa alimweleza kwa masikitiko kwamba nafasi hiyo ni ghali, maana majenerali hawapendi kusogezwa.

"Na wewe uko wapi humu?"

Hapo ndipo ukubwa ulipompanda kichwani. Karani wa duka alishamdokeza habari za babu mmoja, mtoto wa kwanza wa ukoo, aliyezunguka nchi nzima akifanya kazi za reli. Profesa akakunjua karatasi ya mti wa ukoo na kujionyesha: mjukuu pekee wa babu huyo.

"Wewe ni tawi dogo, kaka. Tawi kubwa ndilo lenye muhuri."

Akautoa muhuri mfukoni, akaugonga kwenye karatasi.

Jumapili aliitwa nyumbani kwa mwenye duka kupokea bahasha ya pesa za ukurasa mbele ya ukoo mzima. Alipoitia tu mfukoni, mwenye duka aliinua ule mti juu.

"Katika ukoo huu mzee hutunzwa na wajukuu zake. Bibi, mjane wa mtoto wa kwanza, amekaa kwangu miaka saba kwa kukosa mjukuu. Leo amepatikana."

Watu wakapiga makofi. Profesa akautazama mlango. Ulikuwa umeegemewa na shemeji wa mwenye duka, sajini wa polisi, akitafuna karanga.

"Au mti una kosa?" aliuliza sajini kwa upole.

"Hauna," alisema Profesa.

Mzigo wa bibi ulikuwa umefungwa tangu Ijumaa.

Chumba cha Profesa kilikuwa kimoja, na kitanda kimoja. Bibi alilibonyeza godoro, akaketi, akashusha pumzi.

"Bibi, ukweli ni kwamba..."

"Naujua. Marehemu hakuzaa. Madaktari watatu walituambia."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Kule nililazwa stoo, katikati ya mifuko ya saruji. Miaka saba nakohoa vumbi, na mwenye nyumba anatafuta jenerali wa kujivunia." Akageuka polepole. "Wewe una dirisha."

Kisha akatia mkono kwenye koti la Profesa, akaitoa bahasha na kuisukuma chini ya mto.

"Hii ya dawa za kifua. Kachote maji, mjukuu wangu."

Profesa aliiendea ndoo. Akaiinua.

"Na hiyo miwani ivue," alisema bibi akijilaza. "Umeshafika nyumbani."