Nimetua kwenye Muhogo wa Mama Mkwe

Leo nimefedheheka. Si kidogo. Nimefedheheka mchana kweupe, mbele ya mama mkwe, na nimelowa hadi soksi.

Nawaandikia mwenyewe kabla Kitenge hajawaandikia, maana namjua. Akisimulia yeye, kidimbwi kitakuwa ziwa na mimi nitakuwa nimelia. (Sikulia. Yaliniingia machoni maji ya muhogo.)

Kwa wale mlioingia juzijuzi kwenye kundi letu la waendesha baiskeli: mimi ni Ramazani, mwenye kiduka cha sabuni na chumvi hapa Kasongo. Mwaka jana nilianguka na pikipiki kwenye barabara ya Kabambare, mguu wa kushoto ukavunjika. Mfupa ulipounga, muuguzi akasema mguu huo unataka kunyonga pedali taratibu, bila kwenda popote. Kitenge ni rafiki yangu tangu utoto, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kuzunguka vijiji vyote kwa baiskeli. Akaja na mbao za kitanda chake cha zamani, akaisimamisha baiskeli yangu sebuleni, gurudumu la nyuma likining'inia hewani. Nikawa mwendesha baiskeli wa ndani.

Kila jioni alikuja. Alikaa kwenye kigoda kando ya usukani, akashika breki, mimi nikanyonga. Yeye ndiye aliyekuwa barabara yangu. Akitaka twende tambarare, anaachia. Akitaka nipande, anapaza sauti, "Mulima!" halafu anafinya breki polepole. Hapo nafumba macho, nainamisha kichwa, nanyonga kwa nguvu zote hadi aachie. Tumepanda hivyo milima yote ya Maniema bila kutoka kwenye mkeka. Nikitaka kusimama nasema, "Finya!" naye anafinya hadi gurudumu linyamaze. Mimi mwenyewe breki ile sikuwahi kuigusa. (Wenye akili wameshajua kisa kinakoelekea.)

Ubishi wetu wa ndani na nje mnaujua. Nyinyi wa nje mnasema jasho langu ni la mtu aliyekaa karibu na jiko. Mimi na Mzee Saleh, ambaye naye hunyonga barazani kwake kwa kuogopa mbwa, tunasema nyinyi mnabebwa na miteremko. Mnatuma picha za matope, natuma picha ya shati likikamuliwa. Tumetaniana hivyo miezi na miezi, na niseme ukweli: siku ambazo mguu ulinikatisha tamaa, matusi yenu ndiyo yaliyonipandisha kwenye tandiko.

Sasa, mke wangu Zaina alikwenda kwa mama yake kujifungua, kama inavyotakiwa kwa mtoto wa kwanza. Kijiji kiko njia hiyohiyo ya Kabambare, mbele ya kijito. Akajifungua salama mtoto wa kike. Nikamwona kwenye simu tu, uso mdogo umekunjamana kama mtu aliyeamshwa vibaya. Nikauliza wanarudi lini. Jibu la mama mkwe likaja kupitia kwa Zaina: "Mutoto yangu hawezi kulea batoto babili."

Wa pili ni mimi.

Na hakunionea. Zaina, na tumbo lake, alinipelekea maji ya kuoga muda mrefu. Alinishika bega hadi chooni. Mama mkwe alikuja mara moja akayaona hayo kwa macho yake. Lile neno liliniuma kuliko mfupa. Nikaamua: nitafika kule kwa baiskeli, kwa miguu yangu, shati limepigwa pasi, mama mkwe anione nikiingia uani, halafu niombe watu wangu warudi nyumbani.

Kitenge akasema, "Siwezi kukuacha wende peke yako. Lakini tutashindana. Ukifika kwenye kijito ukiko mbele yangu, nitaandika kwenye kundi kama jasho ya ndani iko jasho ya kweli."

"Andika sasa hivi," nikamwambia, "utanipunguzia kazi."

Tukatoka asubuhi. Baiskeli ya sebuleni imeshushwa kutoka kwenye mbao zake, mafuta kwenye mnyororo, na kwenye kifurushi cha nyuma zawadi za mama mkwe: miche ya sabuni na mfuko wa chumvi. Shati jeupe. (Nani alinishauri shati jeupe? Mimi.)

Mwanzoni niliyumba. Mtu aliyezoea baiskeli isiyoanguka anasahau kwamba nyingine huanguka. Mama mmoja mwenye beseni la mawese kichwani aliniona nakuja akaingia kabisa kwenye majani, akanisubiri nipite. Lakini tulipotoka mjini, jamani, miguu ikakumbuka! Upepo usoni! Mimi sikuwa na upepo tangu nivunjike, nilikuwa na ukuta wa sebule na kalenda. Nikaanza kuimba. Nikampita Kitenge.

"Unakimbia nini?" akaniuliza nyuma.

"Jasho ya ndani!" nikamjibu.

Nikamwacha. Nikasikia anahema kama anayebeba kabati. Kwa hesabu yangu nilishashinda. Nilikuwa najitungia maneno ya kuwaandikia nyinyi wa nje, maneno ya kuwakera wiki nzima.

Mnaijua ile njia inapokaribia kijito. Kwanza inateremka, tena inateremka vibaya, kuna magogo ya kuvukia, halafu upande wa pili ndiyo kuna kilima. Kitenge alikiona kile kilima kutoka mbali. Alitaka kunionya nitunze nguvu, mtu mwema yule. Akapaza sauti:

"Mulima!"

Nikafumba macho. Nikainamisha kichwa. Nikanyonga kwa nguvu zote.

Kwenye mteremko.

Nilishangaa tu mlima wenyewe ulivyokuwa mwepesi. Nikasema moyoni, leo Kitenge amenihurumia. Nikaongeza. Nilipofumbua macho, miti ilikuwa inanipita kama ina haraka ya kwenda Kasongo.

Hapo nikafanya nilichofundishwa na mazoea. Mikono yote miwili iko kwenye usukani, vidole vyangu viko juu ya breki, na mimi napiga kelele kwa mtu mwingine:

"Kitenge, finya! Finyaaa!"

Sasa sikilizeni, sehemu hii Kitenge hatawaambia. Kitenge alifinya! Mkono wake nao una mazoea. Aliposikia "finya" akafinya breki zake mwenyewe hadi mwisho, baiskeli yake ikasimama, yeye akaendelea. Akapita juu ya usukani, akatua kifudifudi kwenye vumbi. Na kutoka kwenye vumbi hilo ndipo nikasikia sauti yake:

"Finya weye! Breki iko kwako!"

Nilichelewa kuelewa. Magogo niliyaona yakipita upande wa kulia. Mimi nikachukua njia ya kushoto, ile ya akina mama.

Njia ile inaishia kwenye vidimbwi wanamoloweka muhogo. Anayejua muhogo uliokaa siku kadhaa ndani ya maji anaijua harufu yake, sina haja ya kueleza. Asiyejua aje anuse shati langu, bado liko nje kwenye kamba, na kuku hawapiti chini yake.

Niliingia mzimamzima. Baiskeli, sabuni, mimi. Mfuko wa chumvi ulipasuka, hivyo muhogo wa mtu umepata chumvi kabla haujawa unga. Mguu wangu mmoja ulikuwa ndani ya tope, kichwa kimevaa ganda. Nikasikia akina mama wanapiga mayowe, na mkono mmoja wenye nguvu ukanikamata kiganja, ukavuta.

"Shika! Shika, mujinga weye! Unaharibu muhogo ya batu! Uko mutoto ya nani?"

Nikavutwa juu. Nikajifuta ganda usoni. Tukatazamana.

Alikuwa mama mkwe.

Nyinyi wa mbali msiojua mila za upande wa mke wangu, jueni hivi: mkwe na mama mkwe hawashikani. Wanasalimiana kwa mbali, macho chini, kila mmoja akimtafutia mwenzake njia ya kupita. Miaka yote ya ndoa yangu sijawahi hata kupokea kikombe kutoka mkononi mwake. Na sasa nimemshika kiganja kwa mikono miwili, nikinuka.

"Yooo!" akasema mama mkwe.

Akaniachia.

Nikarudi majini. Chali.

Safari hii hakuna aliyekuja. Mama mkwe alishajifunika uso kwa kitenge na kugeuka. Wenzake nao, kwa heshima, wakageuka wote, mabega yakitikisika. Kitenge alikuwa amefika juu ya ukingo, goti limechubuka, amejishika mbavu kwa kicheko. Nikamnyoshea mkono. Akakaa chini akacheka upya.

Basi nikatoka mwenyewe. Ukingo ule ni wa udongo unaoteleza. Nikashika majani, nikaweka mguu mzima, ukateleza. Ikabidi niweke huu wa kushoto, ule uliovunjika, nikaegemeza uzito wote juu yake. Niliogopa. Nawaambia wazi, niliogopa kuliko nilivyoogopa kwenye mteremko. Mguu ukatetemeka. Ukakaa. Nikapanda. Nikarudi kuitoa baiskeli, nikapanda nayo tena.

Nilipoinua kichwa, Kitenge alikuwa ameacha kucheka. Ananitazama tu, macho yamejaa maji, na siyo ya kicheko.

"Ndugu," akaniambia polepole, "ile ulipanda peke yako. Mie sikushika kitu."

Mama mkwe, bado amenipa mgongo, akamwambia jirani yake: "Mama Faida, mumuulize mukwe kama muguu yake haikuumia."

Mama Faida yuko hatua mbili kutoka kwangu. Mama mkwe yuko hatua tatu. Lakini mila ni mila. Mama Faida akanigeukia, amejibana pua kwa heshima: "Banauliza kama muguu haikuumia."

"Mubaambie iko muzima. Na mubaombe banisamehe muhogo."

"Anasema iko muzima. Anaomba musamaha ya muhogo."

Kile kitenge usoni kilikuwa na nafasi ndogo pembeni, na niliona jicho moja pale. Likanitazama mguu, likatazama ukingo, likarudi kwenye mguu.

"Mumuambie mugonjwa hawezi kukimbiza velo vile," akasema mama mkwe, akiionyesha baiskeli yangu kwa kidole. "Mugonjwa anaanguka polepole." Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na safari hii sauti ikamponyoka. Jamani, mama mkwe alicheka! Alicheka hadi akaegemea kapu lake. Mimi nikacheka, Kitenge akacheka, Mama Faida akasahau kubana pua, akajuta.

Nyumbani kwake nilikuta maji ya moto tayari yamewekwa nyuma ya ua. Niliyabeba mwenyewe hadi bafuni, taratibu, nikihakikisha ninaonekana. Nikaogea ile sabuni ya zawadi. Haikutosha. Nikapewa kitenge cha kuvaa, chenye maua makubwa ya njano, kwa kuwa nguo zangu hakuna aliyetaka zipite mlangoni. Ndivyo nilivyokutana na binti yangu: baba yake amevaa maua.

Zaina alijaribu kujizuia. Akaniwekea mtoto mikononi, ananiambia "shika kichwa, shika kichwa," akanitazama kuanzia juu hadi chini, akashindwa. Alicheka kama alivyokuwa akicheka kabla ya pikipiki, kichwa nyuma, meno yote. Sikujua nilivyokuwa nimekikosa kicheko kile. Mtoto akaninusa. Akapiga chafya. Akalala hapohapo kifuani kwangu, mzito kuliko nilivyodhani, na sikuthubutu kujisogeza hata inzi aliponitulia puani.

Kutoka nyuma ya ukuta wa jiko sauti ikasema, kwa Zaina lakini kwa nguvu ya kunifikia: "Umuambie bwana yako siku ya yenga atume pikipiki ya kuwabeba, weye na mutoto. Na dereva iwe mutu anajua breki iko wapi."

Nikainama kuelekea kwenye ukuta. Siku ya yenga ni Jumapili, nami nikaanza kuhesabu siku.

Basi ndivyo ilivyokuwa, wa ndani na wa nje. Kitenge amenishinda pale kijitoni, kwa maana kwamba alibaki kavu, na mimi sidai lolote. Ninachoomba ni kimoja tu: chekeni leo, mcheke mmalize kabisa. Jumapili jioni mkipita kwangu mpite kimyakimya, mtoto atakuwa amelala.