Mashine ya Kufungua Ulimi

Domo Asali hakuingia hospitali kutibiwa. Aliingia kukwepa jua, akawauliza wagonjwa choo kilipo. Ila masikio yake hayajawahi kwenda likizo. Kwenye benchi, msusi mmoja alikuwa akimsimulia jirani yake: mwanawe wa miaka miwili ana usonji, haongei, hamwangalii mtu usoni, na mtaalamu kasema tiba ianze sasa hivi, angali mdogo. Shingoni kwa mama huyo uling'aa mkufu mnene wa dhahabu. Jamaa akasahau jua.

"Dada, Mungu kakuleta kwangu! Mimi ni daktari wa tabia za watoto. Nina mashine ya kufungua ulimi. Nipe mkufu huo tu, mwanao atahutubia mikutano."

Msusi akamkagua kuanzia viatu hadi tai. "Kwanza nione unavyocheza naye. Mtaalamu anataka achezeshwe kila siku, tena na watu wengine, si mimi peke yangu."

Kesho yake bwana mkubwa, suti na tai, alikuwa sakafuni kwenye saluni ya msusi, anapuliza mapovu ya sabuni. Msusi alimwelekeza: usipulize mpaka mtoto akutazame, akikutazama, puliza papo hapo, umshangilie.

Basi, jamaa akicheza vizuri, msusi aliutoa mkufu nje ya blauzi, akaupapasa. "Hodari, daktari! Umekaribia." Akitaja mashine, mkufu ulizama ndani, na mama akapanga vitana vyake kana kwamba hamna mtu chumbani. Wiki zikapita, mashine haitajwi tena. Jamaa alifika mapema, suruali imekunjwa, na siku mtoto alipomtazama machoni alipiga makofi bila hata kuangalia mkufu uko wapi. Alijilaumu njia nzima kwa kuusahau.

Mchana mmoja alikawia makusudi kupuliza. Mtoto akamvuta tai.

"Tena."

Kitana kikamponyoka msusi. Akalia, akacheka, akambana mwanawe kifuani. Kisha akauvua mkufu. "Chukua, daktari. Umeufanyia kazi."

Sonara aliugusa tu, akaurudisha. "Shaba hii, kaka."

Domo Asali akarudi mbio, anafoka. "Umenitapeli, mwanamke wewe!"

"Wa mashine alikuwa nani?" Msusi hakuyatoa macho kwenye kichwa cha mteja. "Daktari gani anauliza wagonjwa choo kilipo? Nilikujua tangu kwenye benchi. Lakini mikono yangu iko kwenye nywele za watu kutwa, na mwanangu alihitaji mtu wa kucheza naye. Mtaalamu alisema anayefanya vyema apongezwe, anayeharibu asisikilizwe. Nikajaribu kwako, ukashika haraka."

Jamaa akavuta pumzi, tayari kuporomosha matusi. Kitu kikamvuta tai. Chini, mtoto ameshika chupa ya mapovu, anamtazama machoni.

"Tena."

Domo Asali aliangalia mlango. Akaangalia mtoto. Akakunja suruali, akakaa chini.

"Hodari, daktari," alisema msusi.