Kichwa cha Mama Mutheu Juu ya Keki

Krrrk. Kraa. Halafu kimya.

Nilikuwa bado nimejifunika blanketi, macho sijafungua, lakini nilijua. Kadi ikikatwa vizuri hutoa sauti laini, kama mtu anayechora kwa ukucha kwenye mchanga. Hii haikuwa hiyo. Hii ilikuwa sauti ya panya ndani ya gunia.

"Nzioka!" dada yangu Mwende aliita kutoka chumba cha pili. "Amka uje uone. Mashine imekula 'Mama'!"

Wenzangu, leo nimejianika. Mchana kweupe, huko Kathiani, mbele ya kina mama wa kanisa, kama mahindi juu ya turubai. Nawaandikia upesi kabla hamjasikia kwa mwingine, maana mwingine hatawaambia kwamba nia yangu ilikuwa safi.

Wengi mnajua kazi yangu na Mwende hapa Machakos mjini. Tunatengeneza topa, zile karatasi zinazokatwa kwa mashine zikasimamishwa juu ya keki kwa kijiti. Majina, mataji, nyota, vipepeo. Sasa leo Mama Mutheu, mzazi wa msichana ninayetaka kumwoa, alikuwa anatimiza miaka sitini. Na Desemba, Mungu akipenda, wazee wetu watapeleka mbuzi wa ntheo kwao, wale mbuzi ambao bila wao Mutheu si mke wangu mbele ya mtu yeyote. Lakini Mama Mutheu alikuwa hajasema ndiyo. Alikuwa amesema tu, kupitia kwa Mutheu, "Nataka kwanza nione huyo kijana mikono yake hufanya nini."

Mimi simlaumu. Mara ya kwanza nilipoenda kwao, kaka yake, Mjomba Kioko, aliniuliza swali hilo hilo.

"Unafanya kazi gani?"

"Nakata karatasi, mjomba."

"Halafu?"

"Halafu naibandika kwenye kijiti."

Kisha akageukia chai yake.

Kwa hiyo mnaelewa. Topa ya leo haikuwa pambo. Ilikuwa ushahidi.

Nilipofika kwenye mashine nilikuta "Heri ya Kuzaliwa" imetoka salama na "Mama" imekuwa uji. Mkeka wa gundi, ule unaoshika kadi isitembee wakati kisu kinakata, ulikuwa umechoka. Haushiki tena vitu vyembamba. Kadi ya dhahabu ya kumetameta ilikuwa imebaki moja. Duka tunaponunulia hufungwa Jumapili kama leo.

"Herufi zitachanika tena," nikasema. "Tukate kitu kimoja kinene. Kivuli cha kichwa chake. Uso wa upande, wa dhahabu, peke yake juu ya keki."

"Uko na picha yake?" Mwende akauliza.

Hapo ndipo msiba wangu ulipozaliwa.

Kwetu Ukambani kuna nthoni. Ni aibu, lakini ni aibu nzuri, ya heshima. Mkwe na mama mkwe hawazoeani. Humshiki mkono, humwiti kwa jina, humkodolei macho. Vijana wengi siku hizi wameilegeza. Mimi nimeikaza. (Mtu asiye na mshahara hukaza anachoweza.) Kila nikienda Kathiani, Mama Mutheu akiingia, macho yangu hushuka chini na kukaa huko kama yametumwa. Kwa hiyo picha yake sina. Na picha ya kichwani pia sina.

Nikampigia Mutheu. Akaniuliza picha ni ya nini. Nikamwambia ni sapraizi. Akaituma huku akilalamika kwamba keki yake haijapoa na wageni wameanza kuja.

Ilikuwa picha nzuri. Mama Mutheu amesimama kando ya ukuta uliopakwa chokaa, anaangalia shamba lake, pua imenyooka kuelekea vilima. Nadhani ilikuwa hivyo. Nasema nadhani kwa sababu niliiangalia nikiwa nimepunguza mwanga wa simu. Kwa heshima. Ilionekana vibaya mimi, blanketi bado begani na uso sijaosha, kumkagua mama mkwe puani na kidevuni.

Nikaikata picha ibaki kichwa. Nikaigeuza iwe nyeusi na nyeupe ili mashine isome kilicho cheusi na kuacha kilicho cheupe. Kivuli kikatokea. Paji, pua, midomo, kidevu. Na juu ya kichwa, vitu viwili vimepinda kwenda nyuma.

"Hivi viwili vya juu ni nini?" Mwende akauliza.

"Kilemba."

"Kilemba gani kimesimama hivyo?"

"Cha kufungia mbele. Hizo ni ncha zake."

"Umewahi kumwona amevaa hicho kilemba?"

"Mwende, mimi huyo mama nimemwona viatu."

Ni kweli. Viatu vyake navijua kuliko vyangu. Ni vya plastiki, rangi ya zambarau, cha kushoto kimekatika mkanda kikashonwa kwa uzi mweusi. Nikiulizwa mahakamani nitavitambua.

Mwende akainamisha shingo, akakitazama kivuli upande upande. Nami sikuacha mambo yalivyo. Ncha moja ilikuwa na kovu kidogo. Nikaona haipendezi, kilemba cha mama mkwe kiwe na kasoro siku yake kuu. Nikailainisha. Nikaipinda kidogo zaidi ilingane na mwenzake. (Hapa mnaweza kuanza kunihurumia.)

Tukabandika kadi kwenye mkeka kwa selotepu pande zote. Kisu kikashuka. Ssss, ssss, ssss. Safi! Nikainua kivuli kwa ncha ya sindano, kikatoka kizima, kinang'aa kama alfajiri. Nilitaka kulia.

Nilifika Kathiani kwa pikipiki, topa ikiwa ndani ya boksi la viatu na boksi likiwa ndani ya jaketi langu. Mutheu alinipokea kwenye mlango wa jikoni, unga kwenye nyusi.

"Nionyeshe."

"Hapana. Utaona na wengine."

"Nzioka, mama hapendi mchezo."

"Si mchezo. Ni kazi ya mikono yangu."

Jambo la kusema kwa sauti ya kishujaa! Nikajifungia jikoni na keki, nikaisimamisha topa katikati, nikaifunika yote kwa katoni. Kijiti kilikosa katikati mara ya kwanza, kikatoboa matundu mawili. Nikaziba moja kwa sukari ya juu na kulamba kidole. Kilikuwa kitamu. Nilidhani ni dalili njema.

Sebule ilikuwa imejaa. Kina mama wa kanisa wamekaa na sare zao, Mjomba Kioko kwenye kiti kikubwa, mimi kwenye stuli karibu na mlango, mahali pa mtu ambaye bado anafikiriwa. Viatu vya zambarau vilikuwa chini ya meza. Nilivisalimu kimoyomoyo.

Wakaimba. Wakaomba. Mwenyekiti wa kina mama, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya mto, akaombea kila kitu, hata mvua. Mimi nilikuwa naomba langu. Bwana, akubali. Bwana, aone mikono hii haijakaa bure.

"Na sasa," Mutheu akasema, "keki. Na kuna zawadi juu yake kutoka kwa Nzioka. Ameitengeneza mwenyewe."

Makofi. Katoni ikainuliwa.

Makofi yakafa moja moja, kama mvua inayoacha. La mwisho lilikuwa langu.

"Ai!" mwenyekiti wa kina mama akasema. "Huyu ni nani?"

Nikaangalia. Kwa mara ya kwanza siku nzima niliiangalia topa nikiwa mbali nayo, kwenye mwanga wa dirisha, jinsi watu wanavyoiona. Wenzangu. Juu ya keki nyeupe alikuwa amesimama mwanamke wa dhahabu, mwenye pua ya hadhi, na kichwani ana pembe. Si kilemba. Pembe! Mbili, nene, zimepinda kwenda nyuma kwa ulinganifu kamili. (Ulinganifu ule ni wangu. Mashine isilaumiwe.)

Mutheu alinisogelea, tabasamu la wageni likiwa bado limeganda usoni.

"Nzioka, hizo ni nini?"

"Kilemba cha mama."

"Mama hajawahi kuvaa kilemba."

"Hata mara moja?"

"Yeye huvaa kofia ya sufu. Kila siku. Hata kanisani. Hata sasa!"

Akatoa simu, akaifungua ile picha, akaivuta kwa vidole viwili ikakua. Akaninyooshea. Nyuma ya Mama Mutheu, juu ya tuta la shamba, mbele ya ukuta mweupe, alikuwa amesimama beberu mweupe. Mwili wake wote ulikuwa umepotelea kwenye chokaa. Kilichobaki kuonekana ni pembe zake nyeusi, zimechomoza hasa juu ya ile kofia.

"Huyo ni beberu wa mama," Mutheu akanong'ona. "Nzioka, hata wewe huoni mbuzi?"

Ningemwambia nini? Kwamba nilipunguza mwanga?

Simu ikachukuliwa na mwenyekiti wa kina mama. Ikapita mkono kwa mkono, sebule nzima, kila mtu akiivuta kwa vidole na kuangalia keki, akiangalia keki na kuivuta tena. Ikafika kwa Mjomba Kioko. Alivaa miwani. Hakuwa na haraka.

"Sasa nimeelewa," akasema. "Wengine huleta mbuzi mzima. Huyu ameanza na pembe. Mwili utafuata Desemba."

Mama mmoja akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Mwingine akajifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Lakini hakuna aliyecheka, kwa sababu mwenye siku alikuwa hajacheka. Nilisikia kiti kikisukumwa. Nikainamisha kichwa. Nikaona viatu vya zambarau vikitoka chini ya meza, vikivuka zulia bila haraka, vikasimama mbele ya stuli yangu. Uzi mweusi ulikuwa palepale.

"Nzioka."

"Mwaitu." Ndivyo tunavyomwita mama, na ndilo neno pekee nililokuwa nimebakiwa nalo.

"Inua kichwa."

Nikainua mpaka magotini. Nikaona leso. Nikainua mpaka kwenye kifungo cha sweta. Hapo nikapumzika.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea. Na nikamwona. Miezi yote ile ya kwenda na kurudi, ndiyo mara yangu ya kwanza. Ana paji la Mutheu, na baka dogo jeusi karibu na jicho. Juu ya nyusi kuna mkunjo mmoja mrefu, kama mtu aliyeangalia jua akitafuta mvua. Ni uso mzuri. Niliona aibu kwamba nilikuwa nimekaa nao nyumba moja na sikuujua. Midomo yake ilikuwa imebanwa kwa nguvu, na nikasema moyoni, basi. Imekwisha. Anatafuta maneno ya kunifukuza na watu wapo.

"Umeona pembe?" akauliza.

"Hapana, mwaitu."

"Angalia vizuri. Hata nyuma." Akageuza kichwa, kofia ya sufu ikazunguka taratibu. "Ziko?"

"Haziko, mwaitu."

"Siku nyingine uangalie kwanza, ndio ukate."

Akarudi kwenye meza. Akaichomoa topa, akaifuta sukari kwenye kijiti, akaishika kando ya uso wake.

"Kioko," akamwambia kaka yake, "angalia. Pua yangu amepatia?"

Mjomba Kioko akavua miwani, akaivaa tena. "Pua ni yako. Hata mimi singekata hivyo kwa wembe."

"Basi mikono iko. Shida ni macho, na macho hufundishika."

Akaikata keki, akaweka kipande kikubwa kwenye sahani, akaniletea mwenyewe. Midomo yake sasa ilikuwa imebanwa mpaka ikawa nyeupe. Machozi yalikuwa yamesimama kwenye kope.

"Mkwe wangu," akasema.

Mutheu akashika kifua. Mimi nilisahau kushika sahani, akanishikisha.

"Mkwe wangu, chukua keki uende ule huko nje, chini ya dirisha usikae. Kuna kitu nataka kufanya, na si heshima mwanamke kukifanya mbele ya mkwe wake."

"Kitu gani, mwaitu?" nikauliza, mjinga mimi.

"Toka!" akasema, na sauti ikamvunjikia katikati.

Sasa nanyi mmejua, na ombi langu ni dogo. Msinicheke usoni. Fanyeni kama alivyofanya yeye, mtu mwenye adabu zake: alingoja nikatoka na sahani yangu, akafunga mlango nyuma yangu, kisha akausukuma mara ya pili ahakikishe umefungika.