Feni Kimya Iliyoniumbua kwa Wakwe

Jameni, leo nimejianika mbele ya wakwe.

Kompyuta yangu ni ndogo, utadhani mkebe wa biskuti. Lakini ile feni ya kupoza prosesa! Ikianza ni kama posho mill inayosaga mahindi. (Niliishia darasa la nne, lakini kelele naijua.) Kila maombi ya mtandaoni watu wanalia, "Mzee, hatukusikii!"

Sasa leo wakwe wa Eden Prairie, mji wa jirani huku ughaibuni, walikuwa waamue kwa video kama watakuja hapa Crystal kumposa binti yangu, Nyambura. Asubuhi Kevo, huyo kijana anayemtaka, akanipeleka kutafuta feni nyingine. Kevo simwamini. Kijana anakataa kikombe cha pili cha chai, anaficha nini?

Dukani nikashika feni moja ndefu, chuma kingi. Kevo akatoa rula.

"Baba, ukiweka hiyo, kifuniko cha kompyuta hakitafunga. Chukua hii fupi. Ni kimya kabisa."

"Kimya? Kitu kisichosikika utajuaje kinafanya kazi?"

Muuzaji akaiwasha. Nikaweka sikio. Wapi! Nikaweka karatasi mbele yake, ikapepea. Bado sikuamini. (Hata ng'ombe akinyamaza sana mimi humchunguza.) Lakini tukanunua, Kevo akaifunga kwenye kompyuta, akaenda kwao.

Mkutano ukaanza. Wakwe wamevaa kama wanaenda kanisani. Baba Kevo anaongea, anatabasamu. Sasa mimi nina tabia yangu: wengine wakiongea, mimi namsemesha mke wangu. Kubonyeza mute, ile ya kuzima sauti, sijawahi. Ya nini, na feni inafunika yote?

Nikamwambia, "Mama Nyambura, huyu Kevo simwamini hata kidogo. Na babake meno yote nje, anataka nini? Lakini wakikubali tushike haraka. Vile Nyambura anakoroma, nani mwingine atamchukua?"

Feni mpya haikufunika hata neno moja.

"Oh my God, Dad!" Nyambura huyo nyuma yetu, amefunika uso. Mke wangu akanikanyaga mguu. (Imechelewa, mama!)

Baba Kevo akavua miwani taratibu. "Mzee, leo tunakusikia vizuri sana."

Nikatafuta pa kuingia. Hakuna.

"Lakini umetupunguzia mzigo," akasema. "Kevo wetu anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta. Tulikuwa tunaogopa mtauliza. Tunakuja Jumamosi, kabla hujarudisha ile feni ya zamani."

Kumbe! Nilijua anaficha kitu!

Ile feni ya zamani nimeitoa kwenye takataka, iko hapa karibu. Na wewe unayesoma, kama lazima ucheke, bonyeza mute kwanza.